Kumwandika Mtoto ni Kumshuhudia

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuturuzuku watoto pasipo ujanja wetu wala nguvu zetu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika safari yetu ya Eldoret tulikaribishwa na ndugu zetu wa huko kusoma nao darasa baada ya sala ya Isha. Msomaji wa Mombasa au wa Lamu asidhani kwamba mji ule hautuhusu. Ulianza kwa posta ya mwaka 1910 iliyowekwa katika shamba nambari 64, na mpaka leo wako wauitao kwa nambari hiyo. Reli iliufikia mwaka 1924, na tarehe 15 Agosti 2024 ukapewa daraja ya jiji. Wana wetu wengi wa pwani wamepanda huko kwa kazi, kwa biashara na kwa masomo. Wameoa huko na wamezaa huko, na baridi yake wameizoea. Basi mas'ala yao ni mas'ala yetu.

Usiku mmoja, watu walipokwisha kutawanyika, alibaki kijana mmoja amekaa karibu na mlango. Ni fundi wa mitambo, mtu wa sala, na katika siku zote za darasa hakuwa amesema neno. Alitusogelea akatuamkia, kisha akatueleza lililomkaa moyoni.

Dada yake aliolewa Mombasa, akapewa talaka akiwa na mimba, naye hana mwingine wa kumtegemea ila ndugu yake huyu. Akapanda basi akamfuata Eldoret. Yule mume hakuleta hata senti. Uchungu ulipomshika yule bibi waliogopa gharama za hospitali, akajifungua nyumbani kwa msaada wa jirani aliye mkunga. Alhamdulillahi, mtoto akazaliwa mzima, mwanamume. Siku ya saba wakamchinjia mbuzi wawili. Siku ya kumi na mbili, mtoto alikuwa na kifua, hajaandikwa popote.

"Sheikh," akasema, "kazini kwangu huandikwa mke wangu na wanangu, na wakiugua hutibiwa. Naibu wa chifu ataandika nitakayomwambia. Nataka nimwandike mtoto huyu kuwa ni wangu na wa mke wangu. Ni damu yangu, na baba yake amemtupa. Karatasi ni ya serikali, si ya Mwenyezi Mungu. Nikifanya hivi, namdhulumu nani?"

Twakiri kwamba hatukumjibu papo hapo. Kumwambia mtu "Haramu" kisha tukaingia kulala ni jambo jepesi. Lakini mtoto angeendelea kukohoa, na yule kijana angetoka msikitini akiamini kwamba dini haina habari na shida yake. Swali lake ni swali la haki. Limetoka katika huruma, si katika tamaa, na kila msomaji wetu aliyewahi kulea mtoto wa nduguye atalifahamu. Kwa hiyo twaliweka hapa mbele ya wasomaji wote, pamoja na jawabu tulilompa kesho yake.

La kwanza ni hilo neno lake, kwamba karatasi ni ya serikali tu. Wengi wetu twalisema. Mtoto akizaliwa twajua kumuadhinia, twajua kumnyoa, twajua kumchinjia. Ama kumwandikisha twaona ni kazi ya makarani, akipenda mtu atakwenda, asipopenda ataacha. Lakini tutazame. Mwenyezi Mungu, katika aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo Suratul-Baqara, ametuamrisha tukikopeshana kwa muda tuandike, aandike mwandishi kwa uadilifu, tusichoke kuandika deni likiwa dogo au kubwa. Ikiwa deni la pishi ya mchele lataka kuandikwa ili haki ya mtu isipotee, basi vipi binadamu mzima, ambaye haki zake zote za nasaba, malezi, mirathi na ndoa zategemea kujulikana ni mtoto wa nani? Karatasi ile ni ushahidi. Na ushahidi si wa serikali. Ushahidi ni wa Mwenyezi Mungu, naye ametuamrisha tuusimamishe hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu.

Sasa twaja kwenye swali lenyewe: namdhulumu nani?

Wa kwanza ni mtoto mwenyewe. Katika Suratul-Ahzab tumeamrishwa kuwaita watoto wa kulea kwa majina ya baba zao, kwani huo ndio uadilifu zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu. Na amri hiyo haikushuka kwa ajili ya mtu mbaya. Zaid bin Haritha alilelewa na Mtume wetu (S.A.W.) kwa mapenzi ambayo hakuna mlezi atakayeyafikia, hata watu wakawa wakimwita Zaid mwana wa Muhammad. Aya iliposhuka akarudishiwa jina la Haritha, baba yake. Mapenzi ya Mtume hayakupungua hata chembe. Naye Zaid ndiye sahaba wa pekee aliyetajwa kwa jina lake ndani ya Qur'ani. Yatosha hayo kutuonyesha kwamba huruma haihitaji uongo ili ikamilike. Mtu aweza kumpa mtoto nyumba yake, chakula chake na mapenzi yake yote, asimnyang'anye baba yake.

Wa pili ni mama yake. Yule bibi amebeba mimba miezi tisa, amezaa katika dhiki, kisha karatasi itasema hakuzaa. Mama ni wifi yake. Leo wanapendana. Je, kesho wakikosana? Au ndugu huyu akifa? Mama atasimama mbele ya kadhi kudai mwanawe, na karatasi iliyoandikwa kwa huruma itakuwa ndiyo ya kumkanusha.

Wa tatu ni watoto wa yule kijana. Anao binti wawili. Kwa karatasi hiyo watakuwa na ndugu wa kiume ambaye kwa sheria ya dini si ndugu yao bali ni mtoto wa shangazi yao. Hana mirathi kwao, wala si maharimu wao. Baba yao akiondoka duniani, Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeipa kazi ya kuamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu, itaona hati yenye jina la mwana wa kiume. Ataingia katika mafungu asiyostahiki, na fungu la binti zake litapungua. Au mtu atasimama aseme ukweli, na mtoto asiye na hatia afedheheke mbele ya watu kwa uongo ambao hakuusema.

Wa nne ni wenziwe wa kazini na yule aliyeweka ile bima. Fedha ile imekusanywa kwa masharti yanayojulikana, kwa mke na watoto. Kuichukua kwa maelezo ya uongo ni kula mali ya watu kwa batili, hata kama ni kwa kununua dawa ya kifua. Na tena kutoa maelezo ya uongo katika daftari la uzazi ni kosa katika sheria ya nchi. Yule naibu wa chifu atakayeandika kwa kutuamini tutakuwa tumemtia katika uongo wetu.

Na wako wa tano, ambaye kijana hakumfikiria kabisa. Huyu hadhulumiwi, bali anasaidiwa katika dhulma yake. Ni yule baba. Mwenyezi Mungu katika Suratut-Talaq amewajibisha mwanamume kumlisha mtalaka wake mwenye mimba mpaka ajifungue, na akimnyonyeshea mtoto, ampe ujira wake. Na katika Suratul-Baqara chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye yamewekwa juu ya baba kwa wema, kwa kadiri ya uwezo wake, mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe wala baba kwa sababu ya mwanawe. Hilo ni deni. Lau mtoto ataandikwa kwa jina la mjomba wake, deni hilo limefutwa kwa kalamu yetu wenyewe, na mwenye kudaiwa atalala usingizi mwema. Tulimwambia yule kijana: "Ndugu yangu, wewe wataka kumbebea mwanamume yule mzigo ambao Mwenyezi Mungu amemtwika yeye, na juu ya hayo wataka kuandika kwamba hakupata kuwa na mzigo."

Akainamisha kichwa, kisha akauliza: "Basi nifanye nini, Sheikh? Mtoto ni mgonjwa."

Hapa ndipo penye haja, ndugu zetu. Mwenye kufunga mlango wa haramu hana budi kuonyesha mlango wa halali, na mara nyingi mlango huo uko wazi ila hatujautazama. Tuliketi naye na wazee wawili wa mji tukahesabu mambo moja moja.

Kwanza, kumwandika mtoto kwa ukweli. Mtoto akizaliwa hospitali, taarifa ya uzazi huandikwa hapo hapo. Akizaliwa nyumbani huandikwa kwa naibu wa chifu wa mahali alipozaliwa. Muda uliowekwa ni miezi sita. Ukipita, mlango haufungwi, lakini hutakiwa ushahidi zaidi, na mtu huzunguka. Jambo hili lawahusu khasa wana wetu walioko bara, kwani ni ada yetu mwanamke kurudi kwa mamake kuzaa. Mume yuko Eldoret, mke amezaa Mombasa, kiasi cha kilomita 800 kutoka hapo. Kila mmoja adhani mwenziwe ameandikisha, na mtoto huandikishwa kule alikozaliwa, si anakofanya kazi baba yake. Hugunduliwa siku ya kutakiwa hati skuli.

Yule bibi alikhofu kwamba jina la baba halitaandikwa, maana ndoa yake ilifungwa na mwalimu mbele ya mashahidi, haikupata kuandikishwa. Zamani khofu hiyo ilikuwa na msingi. Kifungu cha 12 cha sheria ya uzazi na vifo kilizuia jina la baba asiyekuwa na ndoa na mama lisiandikwe ila wazazi wote wawili waombe, au uletwe ushahidi wa ndoa. Mwezi wa Mei 2016 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba, ambayo katika kifungu chake cha 53 yampa kila mtoto haki ya jina tangu kuzaliwa, na yawajibisha baba na mama kumlea sawasawa. Lakini tusifanye hilo kuwa udhuru wa uvivu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yataka ndoa zetu za Kiislamu nazo ziandikishwe, na lau nikaha ile ingeandikishwa siku yake, bibi huyu asingekuwa na hofu yoyote. Mashahidi wawili wa nikaha hufa, karatasi hubaki.

Pili, matibabu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1966 imepisha Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato ya nyumba yake, na mchango wake haupungui shilingi 300 kwa mwezi, hulipwa kwa mwaka mzima. Basi kwa kima hicho cha chini ni shilingi 3,600. Mama hujiandikisha kwa jina lake, na mtoto wake huandikwa chini yake. Tukamwambia kijana: "Mlipie dada yako mchango wake." Huo ndio wema ule ule aliokuwa akiutaka, bila ya uongo ndani yake.

Wako watakaouliza kama bima hii yafaa. Wanavyuoni waliokutana Jeddah mwaka 1985 katika baraza la fiqhi walitenga baina ya bima ya biashara, ambayo waliikataza kwa sababu ya gharari iliyomo, na bima ya kusaidiana, ambayo waliikubali. Mchango huu watozwa kwa sheria, hauna mwenye kufanya faida kwao, na maana yake ni wenye afya kuwasaidia wagonjwa. Sisi twauona uko karibu zaidi na upande wa kusaidiana.

Yule kijana akasema fedha hiyo hana kwa sasa, maana ana deni. Tukamuuliza deni la nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "La mbuzi wa akika."

Ndugu zetu, hapa twajilaumu sisi wenye kuvaa vilemba kabla ya kumlaumu yeye. Akika ni sunna iliyotiliwa nguvu kwa mwenye uwezo. Katika madhehebu yetu ya Shafi wawili kwa mtoto mwanamume ndio bora, mmoja watosha, na asiye na uwezo hana lawama. Tena kuchelewesha kwaruhusiwa. Nani kati yetu amewahi kuyasema hayo mimbarini kwa sauti ile ile tunayosemea fadhila zake? Tumewaacha watu wakidhani kwamba kutochinja ni aibu, wakakopa. Kisha yaja ya arubaini, kumtoa mtoto nje, na nguo za sare, na sinia za pilau; na sasa zimezuka karamu za kumkaribisha mtoto hata kabla hajazaliwa, hatujui tumeziiga kwa nani. Mbuzi mmoja tu katika wale wawili angelipa mchango wa mwaka mzima wa mama na mtoto, na pengine yule bibi asingezalia nyumbani kwa khofu ya gharama. Mtume wetu ametufundisha kwamba yamtosha mtu dhambi kuwapoteza anaowalisha. Na hatukupata kusoma popote kwamba yamtosha mtu dhambi kutowapikia majirani pilau.

Tatu, nafaka. Tuliandika barua kwa wazee wa yule mume Mombasa, kwa adabu, tukimkumbusha lililo juu yake, na tukamweleza bibi kwamba asiposikia, Mahakama ya Kadhi ipo. Hakuna aibu kwa mwanamke kudai haki aliyopewa na Mola wake. Aibu ni ya mwenye kuizuia.

Nne, malezi. Kijana akaogopa kwamba mtoto akiwa na jina la baba mwingine, yeye atakuwa si kitu kwake. Tukamwambia kwamba huyo ndiye mjomba, na mjomba kwetu ni mzazi. Dini yetu imeipa kazi yake jina zuri, kafala, na hata Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imelitaja neno hilo. Kafala ni kulea pasipo kubadili nasaba. Thawabu yake ni kamili, na karatasi yake ni ya kweli.

Kwa wasomaji wetu wengine twaongeza maneno machache ya kutendwa. Jina la mtoto litazamwe mapema. Katika hospitali karani huuliza jina kabla ya siku ya saba, na jamaa kwa haraka husema lolote, kisha siku ya saba mtoto hupewa jina jingine. Akakua na majina mawili, la nyumbani na la karatasi. Kutoa jina siku ya kuzaliwa kwafaa, kwani Mtume wetu alimpa mwanawe Ibrahim jina lake usiku ule ule aliozaliwa. Basi mama aende na jina limeandikwa katika kipande cha karatasi, herufi moja moja, ili Abdulrahman asije akawa Abdul, na Muhammad asije akaandikwa kwa tahajia tatu katika karatasi tatu. Mwanamke mwenye kazi ajue kwamba Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Wiki mbili hizo si za baraza wala za kahawa. Baba atumie siku zake kuandikisha mtoto, kulipa mchango, na kumwangalia aliyemzalia.

Wala tusidhani kwamba neno la karatasi ni dogo. Ndugu zetu Wanubi wa Kenya walikaa miaka mingi watoto wao wakizaliwa pasipo kutambuliwa sawasawa, hata kesi ikafika mbele ya Kamati ya Afrika ya haki za watoto, nayo mwezi wa Machi 2011 ikaamua kwamba watoto hao walinyimwa haki yao ya kuandikwa na ya uraia. Waliitafuta karatasi ile kwa machozi. Sisi tulioko karibu na ofisi twaiacha kwa uvivu, au twaichafua kwa uongo.

Yule kijana tuliagana naye asubuhi ya kuondoka kwetu. Alikwisha kwenda kwa naibu wa chifu pamoja na dada yake, na mtoto ameandikwa kwa jina la baba yake. Mchango aliulipa kwa fedha aliyokopeshwa na wazee wa msikiti pasipo riba, ikaandikwa, na mashahidi wakatia saini. Kifua cha mtoto kimetibiwa. Ama yule mume, mwezi wa kwanza alileta fedha. Mwezi wa pili hakuleta. Dada atakwenda kwa kadhi. Hatusemi kwamba ukweli umewaondolea dhiki yote. Twasema kwamba mtoto huyu, siku atakapokua na kuisoma hati yake, hatasoma ndani yake neno ambalo jamaa zake watalazimika kumficha.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa mashahidi wa kweli kwa watoto wetu, na atuepushe na huruma yenye uongo na ukweli usio na huruma. Amin.